Tangi Lililojazwa Nusu

Mwaka 2021, katika wiki ya tatu ya msimu wa mvua, tishari, chombo bapa cha kubebea shehena, lililobeba winchi lilipinduka gatini saa nne asubuhi, upepo ukiwa umelala na maji yametulia tuli. Watu watano waliogelea wakaokoka. Wa sita, fundi winchi, alitolewa kesho yake, vidole vyake vikiwa bado vimefumbata wenzo wa mashine.

Leo ni Jumatatu, miaka mitatu baadaye. Saa kumi na mbili na robo asubuhi, fundi pampu aliyekuwa kazini siku ile anashuka ngazi ya chuma na kuingia tumboni mwa tishari jingine, pacha wa lile lililopinduka. Ngazi ina vidato kumi na vinne. Cha tisa kimekatika, naye anakiruka bila kutazama.

Anapiga magoti juu ya kifuniko cha tangi. Anapaka chaki fimbo ya kupimia, anaizamisha tunduni, anaivuta na kuisoma kwa mwanga wa kurunzi.

"Bado shubiri moja," anajiambia, kisha anairudia pampu.

Pampu inanguruma. Kutoka juu, sauti ya msimamizi wa gati inashuka kama jiwe kisimani.

"We Profesa! Hayo mafuta unayoyachoma ni ya baba yako?"

"Marehemu baba hakuacha hata mshumaa, bosi," anajibu bila kuinua uso. "Acha lijae kwanza."

Anangoja mpaka bomba la hewa liteme maji na kumlowesha viatu. Hapo ndipo anapozima. Zamani asingengoja. Zamani angezima likiwa nusu, akapangusa mikono, akapanda juu kunywa chai.

Ana umri wa miaka arobaini na saba, na kati ya hiyo, ishirini na miwili ameitumia kando ya pampu. Sikio lake la kulia limekufa kwa kelele. Hulipwa kwa siku. Siku ambayo winchi hainyanyui, naye halipwi. Wenzake walimpa jina la Profesa wa Ngama, ngama yakiwa ni yale maji machafu yanayokusanyika chini kabisa ya chombo. Jina hilo alilipata kwa sababu ya simu.

Kila mchana, wenzake wanapocheza karata kivulini, yeye huiegemeza simu kwenye spana juu ya mota iliyopoa, akatia waya katika sikio lililo hai, na kuhudhuria chuo kikuu. Masomo anayoyafuata ni ya uhandisi wa bahari, ngazi ya shahada ya uzamili. Hayalipiwi. Yeyote mwenye intaneti anaweza kuyafungua. Yeye aliishia kidato cha pili.

"Profesa, leo bahari inasemaje?" humwuliza wapakuzi wakipita.

"Inasema wewe ni mzito kuliko shehena."

Wakicheka, naye hucheka. Lakini mtu akimwuliza kwa nini anasoma, kicheko humkauka.

Fundi winchi aliyekufa aliitwa Kidole. Ilisemwa kwamba angeweza kushusha tani mbili juu ya yai kwa kidole kimoja, na yai lisijue kama limeguswa. Alikuwa amehamia gati hili miezi mitano tu kabla ya ajali, akitokea gati jingine lenye taratibu nyingine.

Gati hili lilikuwa na desturi yake. Kabla ya kunyanyua mzigo mzito, tangi la tishari hutiwa maji ya bahari yawe farumi, yaani uzito wa chini wa kulituliza. Kwingineko hulijaza. Hapa walilijaza nusu. Fundi pampu aliifundishwa desturi hiyo na mzee aliyemtangulia, naye akawafundisha wengine wanne.

"Tuliona ni busara," anasema. "Likijaa, tishari linakuwa zito. Likiwa tupu, linakuwa jepesi. Basi tukasema katikati ndipo penye usalama. Na mafuta ya pampu yanabaki. Nani angebisha?"

Asubuhi ile Kidole alichungulia dirishani mwa winchi, kitambaa cha kijani kimemzunguka kichwa, akapaza sauti: "Mwenzangu, tangi limejaa?"

Fundi pampu akajibu: "Tayari!"

Kwa watu wa gati, "tayari" ilikuwa nusu. Kwa Kidole, tayari ilikuwa tayari. Akanyanyua. Mzigo ulipopita ukingo, tishari liliinama kidogo, kama mtu anayesikiliza, kisha halikuinuka tena.

Siku nne baadaye fundi pampu aliketishwa mbele ya meza yenye glasi ya maji na mchunguzi mwenye kalamu. Aliulizwa maswali mengi. Analolikumbuka ni moja: je, fundi winchi aliuliza hali ya tangi kabla ya kunyanyua?

"Nikasema sikumbuki," anasema, akitazama viganja vyake. "Nilikuwa nakumbuka hadi rangi ya kitambaa chake. Lakini msimamizi alikuwa amesimama mlangoni, na nyumbani nina watoto wawili wa shule. Nikajiambia, nusu ni salama, kwa hiyo jibu langu halimdhuru mtu. Nikatia sahihi."

Neno hilo moja liliandikwa, na juu yake ikajengwa ripoti nzima. Tangu hapo, kila Jumatatu saa moja kamili, wafanyakazi wapatao themanini hupangwa mstari mbele ya ofisi, na msimamizi huwasomea karatasi ya usalama kwa kipaza sauti. Aya ya nne inasema: "Ajali ya mwaka 2021 ilisababishwa na fundi winchi aliyenyanyua mzigo bila kuuliza hali ya tangi. Haraka yake ndiyo iliyomwua." Wafanyakazi wapya hutikisa vichwa kwa kumsikitikia mjinga.

Nyuma ya ukuta wa gati, hatua sitini hivi, anaishi mama yake Kidole. Ni mjane anayefua shuka za nyumba ya wageni. Kipaza sauti kinafika uani kwake. Kila Jumatatu, mikono ikiwa ndani ya povu, humsikia mwanawe akilaumiwa upya.

Fundi pampu alianza kukosa usingizi. Mke wake anasema alikuwa akiamka na kusema "tayari, tayari", huku akizungusha mkono kama anayefunga koki.

Miezi minane baada ya ajali, meli iliyoharibika iliegeshwa gatini kwa wiki mbili. Mhandisi wake, mtu wa makamo mpenda maongezi, alizoea kushuka kuomba moto wa sigara. Siku moja fundi pampu alimwuliza, kama anayeuliza jambo la mtu mwingine, iwapo maji ndani ya tangi yanaweza kupindua chombo. Mhandisi akamwambia jibu lake ni refu, lakini liko kwenye mtandao: vyuo vikuu vimeweka huko mihadhara ya uzamili, mazoezi na hata mitihani, bure.

"Cha bure kina kasoro gani?" fundi pampu akauliza.

"Mbili. Hawatakupa cheti, na hakuna atakayekujibu ukiuliza."

"Cheti sikukihitaji," anasema sasa. "Nilitaka kumsikia mtu mwenye elimu akisema kwamba tangi la nusu halina hatia. Nilikuwa natafuta ruhusa ya kulala."

Kifurushi cha intaneti cha wiki kilimlia ujira wa siku moja na nusu. Ili kidumu, aliitazama mihadhara kwa picha duni kabisa, yenye ukungu, hata leo haijui sura ya mwalimu wake. Anaijua sauti, na mkono mweupe kwa chaki.

"Nilidhani ataanza na maji. Akaanza na ukuta mzima wa herufi. Na Kiingereza changu kilikuwa cha matusi ya mabaharia. Somo la kwanza nililitazama mara kumi na moja. Nikimwuliza kitu, anaendelea tu kama mtu aliyenuna."

Aliyemwokoa ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari. Siku ya Jumamosi alimkuta ameinamia daftari, akinakili alama asizozijua kama mtoto anayechora wadudu.

"Shemeji, hizi ndoana unazivulia nini?"

"Si ndoana. Ni hisabati ya bahari."

"Hiyo ndoana ni alama ya kujumlisha vitu vidogo vidogo visivyohesabika," akasema, akivuta kigoda. "Umeanza kujenga kwa bati, Shemeji. Msingi uko wapi?"

"Basi nishushe."

"Nitakushusha hadi darasa la saba. Usije ukalia."

Akamshusha kweli. Kwa miezi saba, kila Jumamosi alasiri, walianza na sehemu na desimali, wakapanda taratibu hadi kwenye ndoana. Mwalimu huyo hakuwa mpole. Jibu lililokosewa alilikata kwa wino mwekundu hata kama mwenye daftari alikuwa na mvi. Madaftari kumi na moja yamepangwa leo juu ya kabati, yananuka dizeli.

Ndipo akarudi kwa mwalimu asiye na sura, na safari hii akamwelewa. Akajifunza kwa nini chuma huelea. Akajifunza kwamba chombo kina kitovu cha uzito na kitovu cha kuelea, na kwamba uhai wa waliomo hutegemea jinsi vitovu hivyo viwili vinavyovumiliana.

Somo la tisa lilimkuta mchana wa Jumatano. Mwalimu alichora sanduku, ndani yake akachora maji hadi nusu. Akaliinamisha. Maji yote yakakimbilia upande ulioinama, yakauongezea uzito, ukazidi kuinama. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba apishwe njia, kwamba tangi lililojaa halina mahali pa kukimbilia, na tangi tupu halina cha kukimbiza. Linalopindua ni la nusu.

Fundi pampu akarudisha nyuma. Akatazama tena. Mara ya nne alizima simu, akapanda ngazi, akakaa juu ya kamba za nanga, uso umemparama.

Wacheza karata wakamwona. "Vipi, Profesa? Umefeli?"

"Hapana," akasema. "Nimefaulu."

Hakuamini kwa kuambiwa. Alichukua futi ya utepe, akalipima tishari pacha: urefu mita ishirini na nne, upana mita tisa. Tangi lilienda ubavu hadi ubavu, bila ukuta wa katikati wa kuyazuia maji. Akapiga hesabu Jumamosi tatu mfululizo, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Ukiugawa uthabiti wa tishari mafungu matano, manne na zaidi yalikuwa yameliwa na maji yale. Asubuhi ile Kidole alinyanyua mzigo akiwa juu ya kitu ambacho tayari kilikuwa kinaanguka.

Shemeji aliipitia hesabu mstari kwa mstari. Kalamu nyekundu haikugusa karatasi.

"Ni sahihi yote," akasema. "Sasa niambie ni ya nini."

Akamwambia. Shemeji alifunika daftari, kisha akasema, "Ningefurahi kama ungekosea."

Fundi pampu alianza kwa kulipeleka daftari kwa msimamizi, kama ipasavyo. Msimamizi alilishika daftari juu chini, akaligeuza, akalirudisha.

"Hii shahada yako iko wapi?"

"Hakuna shahada, bosi. Masomo ni ya bure."

"Basi wewe huna shahada, una simu." Akashusha sauti. "Nisikilize, ndugu yangu. Pampu nani aliizima? Mimi? Unasuka kamba ujinyonge mwenyewe. Kidole amekufa, hana hasara tena. Ukitaka kuwa shahidi, anza kukusanya vitu vyako."

Nyumbani, mke wake alimsikiliza hadi mwisho. Kwanza aliuliza swali ambalo kila mke angeuliza: watoto watakula jina la Kidole? Siku tatu hawakuzungumza. Siku ya nne, akimwekea chai mezani, akasema, "Nenda, baba watoto. Nimechoka kulala na mtu anayeongea na pampu."

Jana, Jumapili alasiri, fundi pampu aligonga mlango wa uani kwa mama yake Kidole, daftari likiwa kwapani. Mama alikuwa anasuuza shuka. Hakumkaribisha kiti, wala hakumfukuza.

Akafungua daftari, akaanza kueleza vitovu na mafungu. Mama akamkatiza. "Mwanangu, mimi sikusoma. Sema kwa mdomo."

Alitazama huku na huku, akaona karai tupu. Akalitia maji hadi nusu, akaliinua ili amwonyeshe. Maji yakaenda huku, yakarudi huku, yakamwagika kwenye suruali yake.

"Weka chini karai langu," mama akasema. "Debe shinda haliachi kutika. Nimebeba maji tangu nikiwa msichana. Lililojaa pomoni hutulia kichwani. La nusu hukuvunja shingo. Ndicho ulichokisoma hicho?"

"Ndicho, mama."

"Miaka mingapi?"

"Miwili."

"Ungekuja kuniuliza."

Hakutabasamu aliposema hivyo. Aliikunja shuka, akaishika ncha moja, akampa ya pili, kama ambavyo angempa mtu yeyote aliyesimama hapo. Wakaanza kuikamua. Ndipo akauliza, bila kumtazama, "Aliuliza? Mwanangu aliuliza kabla ya kunyanyua?"

"Aliuliza, mama. Akasema, mwenzangu, tangi limejaa? Nikamjibu tayari. Halikuwa limejaa. Kisha ofisini nikasema sikumbuki."

Mama aliendelea kuisokota shuka hata baada ya tone la mwisho kudondoka.

"Nisamehe, mama."

"Msamaha leo sina, na usinilazimishe kuutafuta. Ila kuna kitu ninakudai. Jina la mwanangu mlinichukulia pale kwenye kipaza sauti chenu. Lirudishe pale pale. Si hapa uani. Hapa tuko mimi na wewe na shuka za watu."

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwake leo alfajiri alipokuwa akingoja bomba liteme maji. Amekwisha kuandika barua kwa mamlaka inayosimamia magati, kurasa mbili na hesabu moja, akiomba uchunguzi ufunguliwe upya na kila tangi litiwe ukuta wa katikati. Shemeji alisahihisha nahau. Nakala ameiweka kwenye mfuko wa shati, imeviringwa ndani ya plastiki.

Akifukuzwa, anasema, atatengeneza pampu za visima mitaani. "Pampu ni pampu. Nayo haiulizi cheti." Somo analolifuata sasa ni la mawimbi, nalo ni refu. Anataka kulimaliza kabla watoto hawajafunga shule. Akiulizwa anatumaini nini, hafikirii sana. "Kwamba fundi winchi ajaye akiuliza, aliye chini amjibu kweli. Basi."

Saa moja kamili. Watu themanini wamesimama mstari, wengine wakipiga miayo. Msimamizi anasoma aya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anasoma ya nne. Kisha, kwa mazoea, anauliza, "Kuna mwenye neno?" Kwa miaka mitatu hajawahi kutokea mtu.

"Mimi ninalo," fundi pampu anasema.

"Rudi kwenye mstari, Profesa."

Harudi. Anatembea hadi kwenye kipaza sauti, viatu vyake vilivyolowa vikiacha alama kwenye saruji. Msimamizi, kwa mshangao, anasogea hatua moja.

"Aya ya nne ni ya uongo," anasema. Sauti inapiga ukuta na kurudi. "Kidole aliuliza. Aliniuliza mimi. Tangi lilikuwa nusu, nami nilimwambia tayari. Pampu niliizima..."

Kipaza sauti kinakatika. Msimamizi ameung'oa waya, bado ameushika mkononi kama mkia wa panya. Hata wapiga miayo wamefumba vinywa.

Langoni, nje ya nondo, amesimama mwanamke mzee aliyejifunga khanga kifuani, povu likiwa bado halijakauka kwenye mikono yake.

"Rudia!" anaita. "Wa nyuma hawajasikia."

Fundi pampu anageuka kuwatazama wa nyuma. Anavuta pumzi, anajaza kifua, na kwa sauti yake mwenyewe, bila waya, anarudia yote tangu mwanzo: aliyeuliza, aliyejibu, na aliyezima pampu.